Maji ya Kwanza

Bibi Afya hakuwa akinywa maji ya mtu kabla ya kuyainua kwenye mwanga. Ungemkaribisha sebuleni, ungempa gilasi kwa mikono miwili na heshima zote, naye angeinuka, aende dirishani, alisogeze pazia lako bila ruhusa na kuyatazama maji yako kwa jicho moja. Kisha anayanusa. Kisha anayaonja kwa ncha ya ulimi. Ndipo anapoketi na kusema, "Haya, habari za hapa?" Mara ya kwanza aliponifanyia hivyo nilitaka kumwambia arudi kwake na kiu yake. Nilinyamaza kwa kuwa alikuwa mzee, na kwa kuwa nilikuwa mgeni katika mtaa ule wa Barking, hapa London, na wasema Kiswahili tulikuwa wachache mno kuanza kununiana.

Jina lake nalijua, ila sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Wapemba wenzake, sisi Wakenya, hata yule Mkongo mwenye bucha, sote tulimwita Bibi Afya. Ndiyo iliyokuwa kazi yake Pemba kabla hajakimbia: alipita nyumba kwa nyumba akikagua visima na vyoo, akifundisha watu kuchemsha maji. Kwa nini alikimbia, hakusema. Ukimuuliza alijibu, "Niliondoka," na papo hapo mazungumzo yalihamia kwenye samaki na jinsi wa London wasivyo na ladha. Hapa alifanya kazi ya kutunza wazee wa Kiingereza majumbani mwao mpaka magoti yakamkatalia. Lakini cheo cha kwanza hakukivua. Alikivaa kila siku juu ya mtandio wake, na ole wako ungesahau.

Alinifundisha kuamkia. Mimi ni wa Machakos, na kwetu mtu mzima unamuuliza habari yake, mambo yakaisha. Siku moja nilimpungia mkono nikiwa ng'ambo ya barabara, na mifuko yangu ya sokoni. Akavuka, na magoti yake yale, magari yanasubiri. "Mama Mwende," akasema, "weye kwenu mnaamkiana kama madereva wa basi?" Tangu siku hiyo nilisema shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ndefu iliyonifanya nijione mtoto. Kiswahili changu alisema kimekauka kama mkate wa juzi. Nilimjibu kwamba chake kimelowa mno, mtu anaweza kuteleza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyumba zetu zilikuwa za zamani, za matofali, zimeshikana mstari mzima, zote mali ya kampuni moja. Ajenti wa kampuni tulimwona kwa nadra, na kila alipokuja alikuwa na haraka ya kuondoka. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro wa nyuma ulifurika, na kilichotoka humo si maji ya mvua peke yake. Watoto walikuwa wakipita hapo kwenda shule. Wengi wetu tulifunga madirisha tu na kulaani. Bibi Afya alitoka na simu yake akapiga picha, mtaro baada ya mtaro, amekunja sketi, amevaa viatu vya mpira vya mkwe wake, na uso wa mtu anayepiga picha za arusi.

Picha zile zilikuwa na pa kwenda. Watu wa chuo kimoja walikuwa wameanzisha mpango wa wakazi kuchunguza wenyewe maji na mitaro ya mitaa yao. Unapiga picha, unaeleza mahali, inaingia kwenye ramani ambayo kaunsili ya mji na wenye nyumba hawawezi kusema hawajaiona. Binti wa chuo aliyeleta habari hiyo alidhani atatumia wiki nyingi kutubembeleza. Alimkuta Bibi Afya. Kabla chai haijapoa, mtaa mzima ulikuwa umeandikishwa, na wale waliosema hawana nafasi walikuwa wameambiwa mbele ya watu nafasi yao huishia wapi.

Ramadhani moja alianza vita na mafuta ya sambusa. Aliingia jikoni kwa watu saa ya kukaanga, na debe tupu mkononi, akidai mafuta yaliyotumika. Mama mmoja wa Mombasa, mtu wa maneno, akamwuliza kama sasa Bibi anafungua duka la bajia. Bibi Afya aliweka debe chini. Alimshika mkono akamtoa mpaka nyuma ya nyumba, akamwonyesha mafuta yaliyoganda kwenye mdomo wa mtaro, meupe, manene, na kinyesi kimekwama nyuma yake. "Hii ndiyo futari yako," akasema. Yule mama hakula sambusa mwezi ule wote, na debe lilijaa.

Alikuwa na hadithi moja aliyoipenda. Kipindupindu kilipoingia kijiji fulani alichokuwa akikikagua, alipiga marufuku kisima kimoja. Watu hawakusikia. Kwa hiyo alikwenda alfajiri akakaa juu ya kifuniko chake, akakaa siku nzima kwenye jua. Wanawake walimtukana, wakamwita mchawi wa serikali. Mmoja alimwagia maji ya vyombo. Hakuondoka. Alipoisimulia alikuwa akicheka, akitikisa mabega, akituonyesha jinsi yale maji ya vyombo yalivyomteremka shingoni na punje za wali. Kisha alikuwa akisema, "Walinichukia, na watoto wao wakaishi. Sasa miye nilalamike nini?"

Namna yake yote ya kufikiri ilitoka visimani. Kisima, alisema, usiku hulala. Tope hukaa chini, maji hutulia. Ukienda alfajiri kabla ndoo ya mtu haijaingia, unapata maji meupe ambayo mchana huyapati tena. Hayo ya kwanza ni ya mtoto na mgonjwa. Yanayofuata ni ya kupikia, na baadaye koga, fua, fanya upendavyo. Sheria hiyo alikuwa ameifundisha maelfu ya wanawake, na naamini iliokoa watoto. Alipofika London aliendelea nayo, ingawa hapa kisima chake kilikuwa mfereji wa chuma juu ya sinki. Hakuona tofauti. Nani angemwambia?

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama rula. Chai yake ilikuwa na sukari ya kutisha, na sukari ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa akiugua. Dawa zake alizipanga vizuri kwenye kabati na kuziacha humo. Alikuwa akikugombeza leo mpaka ulie, kesho yake unasikia mlango unagongwa, ni yeye na bakuli la uji wa pilipili manga, na hasemi samahani, anasema tu, "Rudisha bakuli." Nilipoumwa mgongo alinikanda kwa mafuta ya karafuu wiki nzima, huku akinisema kwa vumbi lililokuwa juu ya friji yangu. Nilimpenda. Niseme mapema, kwa sababu kuna ambayo nitayasema hapa yatakayofanana na chuki.

Kitu pekee kilichomlainisha kilikuwa mjukuu wake, Rahma. Bintiye Saada alifanya kazi katika nyumba ya wazee, zamu zisizoeleweka, na mume alikuwa dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Maziwa ya mama yalikauka mapema. Kwa hiyo Rahma alilelewa kwa chupa, na chupa ilikuwa mkononi mwa bibi yake. Kila alfajiri, kabla hajatia udhu, kabla mtu yeyote ndani ya nyumba hajagusa mfereji, Bibi Afya alishuka jikoni akajaza birika kwa maji ya kwanza. Aliyachemsha, akayaacha kidogo, akayachemsha tena, akayatia kwenye chupa ya chai. Hayo yalikuwa ya maziwa ya Rahma kutwa nzima. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa chupa ile. Saada alipotaka siku moja kutumia maji ya mchana kwa kuwa mtoto analia, mama yake alimpokonya chupa. "Maji ya kwanza ya mtoto," alisema. "Hujanisikia tangu ukiwa mdogo?"

Sasa nifike kwenye vichupa.

Binti wa chuo alirudi akasema kwamba mitaa yenye nyumba za umri wa zetu mara nyingine huwa na mabomba ya madini ya risasi chini ya ardhi, kutoka barabarani mpaka jikoni. Madini hayo hayaonekani kwenye maji, hayanuki, hayana ladha, na humdhuru mtoto mdogo kuliko mtu mzima. Alileta vichupa vya kuchukulia maji. Kila nyumba ilitakiwa kuuacha mfereji umefungwa usiku kucha, kisha kujaza kichupa asubuhi kabla ya kutumia maji. Akaacha vichupa hivyo kwa Bibi Afya agawe, na nani angefaa zaidi?

Bibi Afya alipita kila mlango. Alitueleza kwa Kiswahili chake kilicholowa, akarudia, akatufanya turudie. Mfereji ufungwe usiku. Maji yachotwe asubuhi, baada ya sala, kabla birika la chai halijapanda. Alisema hivyo kwa kila mtu na kila mtu alielewa. Katika mstari wetu wote walikuwa Waislamu, isipokuwa mimi. Waliamka alfajiri, wakatia udhu, wakasali, na kulipopambazuka, kabla ya chai, wakajaza vichupa vyao kwa uangalifu mkubwa. Bibi Afya naye akafanya hivyo hivyo. Kwa mtu wa kisima, viganja vichache vya udhu si kitu. Haviwezi kuvuruga kisima. Mtu hajachota ndoo bado.

Mimi sisali alfajiri. Mimi ni mpishi wa hospitali, na siku ile nilikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo nililala mpaka jua likanichoma usoni. Niliteremka na kanga yangu, nikakumbuka kichupa, nikakijaza kabla hata ya kunawa macho.

Majibu yalipokuja, nyumba zote zilikuwa salama isipokuwa yangu. Yangu ilikuwa mbaya, mbaya ya kumfanya binti wa chuo aje mwenyewe badala ya kupiga simu. Alikuja na Bibi Afya nyuma yake, tayari amekunja uso.

"Kichupa ulikiosha kwa kitu gani?" Bibi Afya akaniuliza.

"Sikukiosha, Bibi. Tuliambiwa tusikioshe."

"Ulikiweka wapi?"

"Hapo kwenye kaunta."

Akaitazama kaunta yangu. Kulikuwa na sufuria la jana na maganda ya viazi. Kisha akamgeukia yule binti na kumwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba jirani huyu ni mtu mwema, ila jiko lake lina mambo mengi. Nilikuwa nimelisha wagonjwa miaka nenda rudi bila hata mmoja kuumwa tumbo, na leo naitwa mchafu katika lugha mbili.

Wakaamua maji yangu yachotwe upya. Bibi Afya alikuja mwenyewe kesho yake, baada ya sala yake na baada ya uji wangu, akavaa glavu, akajaza kichupa kipya kwa mikono yake. Majibu yakaja kwamba ni masafi. "Umeona?" akaniambia. Hakuwa akinicheka. Alikuwa amefurahi kwa ajili yangu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Binti wa chuo alisitasita, akasema lile jibu la kwanza lingefaa kuangaliwa zaidi. Bibi Afya akamwambia amechota maji ya watu tangu yule binti hajazaliwa. Basi likaandikwa kuwa kosa la mchotaji.

Ajenti wa kampuni alikuja kwenye mkutano wetu wa wakazi, safari hii bila haraka. Alituambia kwamba wakazi wenyewe wameyapima maji yao, kwa mikono yao, na ni salama. Alimshukuru Bibi Afya mbele ya watu, na watu wakampigia makofi. Mabomba hayakuguswa. Mimi sikupiga makofi, nilikuwa bado nimenuna. Lakini nami niliamini. Nilikwenda nyumbani nikasugua kaunta.

Rahma alikuwa akikua kwa shida. Umri wa kusema ulifika hakusema. Alikuwa na "bibi" na "baba" na "no", na vile vitatu vikakaa pale pale bila kuzaa vingine. Alishika tumbo akalia. Alikataa chakula, akawa mweupe midomoni. Watu walisema mtoto wa lugha mbili huchelewa. Watu walisema ni jicho. Bibi Afya aliongeza maziwa. Mtoto asiyekula anywe, alisema, na akawa anaamka mapema zaidi, akichota maji ya kwanza, akiyachemsha kwa muda mrefu zaidi ili yawe safi kabisa, mpaka birika likabaki nusu.

Daktari ndiye aliyetaka damu ipimwe. Saada aliniambia baadaye kwamba alipopigiwa simu alikuwa akimlisha mzee mmoja kwa kijiko, na kwamba alimalizia kumlisha kwanza, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Damu ya mtoto ilikuwa na risasi.

Alasiri ya siku ile mlango wangu uligongwa. Bibi Afya alikuwa amesimama pale bila mtandio, jambo ambalo sikuwahi kuliona, mvi zake nje. Hakungoja shikamoo yangu.

"Nieleze ulivyochota," akasema. "Kile kichupa cha mwanzo."

"Bibi, ingia kwanza."

"Nieleze."

Nikamweleza. Niliamka, nikashuka, nikajaza.

"Ulinawa?"

"Sikunawa."

"Hukufungua mfereji kabisa kabla ya hapo? Hata kwa uso? Hata kusukutua?"

"Kabisa. Nilitoka kitandani moja kwa moja."

Akaketi kwenye ngazi yangu, palepale mlangoni. Nilimwona akipitisha mkono hewani, kama anayefungua mfereji, akafunga, akafungua tena. Alikuwa akipanga asubuhi yake. Birika. Udhu. Kichupa. Birika kwanza. Aliurudia mpango ule kwa mkono mara kadhaa, midomo ikichezacheza, kisha mkono ukatulia pajani.

"Maji yaliyolala," akasema. "Yamelala ndani ya bomba lenyewe, Mama Mwende. Yamelala na risasi usiku kucha."

Kama kuna mtu anayedhani nilifurahi ilipoonekana kwamba jiko langu halikuwa na hatia, hajawahi kumtazama mzee akielewa jambo kama lile. Yale yaliyolala yenyewe alikuwa amempa mtoto. Yaliyobaki kwenye bomba yakaondoka na udhu. Yale masafi, yaliyotoka barabarani wakati huo, ndiyo aliyoyatia kwenye kichupa na kuyapeleka chuoni.

"Na nilikuwa nayachemsha," akasema. "Mara mbili. Maji yanapungua, risasi inabaki."

Yeye ndiye aliyetaka mtaa mzima uchote upya, na yeye ndiye aliyepita tena kila mlango. Alisimama mbele ya kila mtu na kusema, "Nilikufundisha vibaya." Alisema hivyo hata kwa yule mama wa Mombasa, ambaye alianza kulia na kumkumbatia, naye akasimama mikono imeshuka. Jioni kila nyumba ikateka maji ya udhu kwenye makopo na ndoo, na mifereji ikafungwa. Asubuhi watu walitawadha kwa kopo, na kabla hata ya kusali walijaza vichupa. Majibu yalipokuja hayakuwa na nyumba salama hata moja.

Ajenti alirudi na haraka yake. Kulikuwa na barua, na mikutano, na watu wa kaunsili waliovaa makoti ya kung'aa. Mwishowe barabara ikachimbwa. Bibi Afya aliketi nje kwenye kiti cha jikoni siku walipotoa bomba la nyumbani kwake. Wafanyakazi walilitupa kwenye pipa kubwa la takataka. Aliinuka, akalikwaruza kwa ufunguo wake wa mlango, na chini ya ule ujivu likang'aa jeupe, zuri. Alilitazama kwa jicho moja, namna aliyokuwa akitazama gilasi zetu. Kijana mmoja wa kazi akamwambia asiguse, si salama. Alicheka kidogo. Ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka.

Risasi katika damu ya Rahma ilipungua baada ya mabomba mapya. Daktari alisema hilo ni jema. Alisema pia kwamba kilichokwisha kufanyika kichwani si kitu cha kufutwa, na kwamba watamsaidia kwa kadiri watakavyoweza. Saada alinieleza yote hayo kwa sauti ya kawaida, akikunja nguo.

Hakumlaumu mama yake. Nimesubiri kusema hili kwa sababu wengi mtaani walidhani kulikuwa na ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Saada alihamia Lewisham, upande wa pili wa London, kwa ajili ya shule yenye walimu wa kumsaidia mtoto, na akawa anamleta Rahma Barking siku za mapumziko. Mfuko wa mtoto ulikuwa na nguo, na daftari la kuchorea, na chupa za maji za dukani, zimefungwa vizuri, za kutosha siku zote atakazokaa. Saada alizipanga mezani jikoni bila neno. Bibi Afya alizitazama zikipangwa, akasema, "Ahsante, mwanangu." Ningekuwa mimi, ningetamani nitukanwe.

Aliacha kukagua gilasi zetu. Ulimpa maji akanywa tu, au akayaacha. Mtaro ulifurika tena mvua za mwaka uliofuata na hakutoka na simu. Watu walimgongea, wakamwomba aje awaambie wafanye nini, naye akawaambia wamwulize binti wa chuo. Tulijaribu kuendelea bila yeye. Tunaendelea bado, lakini kwa kusuasua, kila mtu anamngoja mwenzake.

Magoti yalipomwisha kabisa, Saada alimchukua Lewisham. Nilichelewa kwenda kumwona. Nilijiambia ni zamu, nilijiambia ni treni. Nilikwenda mwaka huu, Jumamosi moja, nikapita sokoni nikanunua bamia na muhogo, kwa kuwa sikutaka kufika mikono mitupu kwa mtu aliyenipa uji wa miaka yote ile.

Nilimkuta jikoni, kwenye kiti, karibu na sinki. Amekonda. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, fupi. Saada alikuwa amelala baada ya zamu. Nilimsimulia Bibi habari za mtaa, nani ameoa, nani amehama, nikamwambia Kiswahili changu kimezidi kukauka tangu aondoke. Akatikisa kichwa taratibu, na kwa muda nilidhani atasema la kunichokoza. Akatazama mlangoni tu.

Rahma akaingia. Amekuwa mrefu, msichana mzuri, macho ya bibi yake. Alisimama katikati ya jiko kama aliyesahau alichofuata. Alikitafuta hicho alichotaka kusema, nasi tukangoja, nikaona Bibi Afya amekunja vidole vyake kwa nguvu.

"Water, Bibi," akasema mwishowe.

Bibi Afya aliinuka, akajishika kwenye sinki. Alifungua mfereji, akaacha maji yamwagike, yakamwagika sana, kisha akajaza gilasi. Nikadhani anampa mtoto. Aliinua ile gilasi akainywa yeye, yote, polepole, amefumba macho. Rahma hakushangaa. Alisimama akingoja kwa subira ya mtu aliyezoea. Bibi Afya akajaza gilasi ya pili. Akaishika kidogo, kisha akaisukuma kwenye kaunta upande wangu.

"Mpe weye," akaniambia.

"Bibi, yuko hapo karibu yako."

"Mabomba ya hapa ni mapya, najua. Ya plastiki, nimeyaona. Ya kwanza nanywa mimi, na ya pili mamake humpa, au mwalimu akija, au yeyote aliyepo, si mkono wangu. Mpe, Mama Mwende. Mtoto ana kiu."

Nikampa. Rahma akanywa mpaka ikaisha, akaiweka gilasi mezani kwa uangalifu. Alilitafuta neno, akalipata, akalisema kwa Kiswahili safi alichofundishwa na bibi yake. "Ahsante," alisema, akinitazama mimi.